Pembe ya Ndovu Haigusi Uzi

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Mama mmoja kaniita nikaitazame piano aliyoachiwa na marehemu baba yake: piano ya kusimama, ya Uingereza, ya zamani kweli. Nikafunua kifuniko, nikabonyeza do ya katikati, ikanijibu kama sufuria iliyoanguka sakafuni. Kabla sijafungua begi, mama akanisogelea kama mtu anayetoa siri ya ukoo: "Fundi, hii ni pembe halisi. Ndiyo maana ina sauti tamu."

Sauti ipi, mama? Nondo wamekwishaitafuna felti ya nyundo, ile sufu iliyoshindiliwa inayougonga uzi, na pini zinazokaza nyuzi zimelegea kiasi kwamba nyuzi tatu za noti moja zinaimba kila mmoja na wake. Lakini mfiwa hajibiwi hivyo. Nikamwambia tu, "Kweli mama, ni pembe." Na ilikuwa pembe. Kila kibonyezo cheupe kina vipande viwili, na ukiinama utaona mstari mwembamba wa kiungo karibu na ncha za vile vyeusi. Plastiki ya kawaida haina mstari huo. Kipande chenyewe ni chembamba kama kadi ya benki. Chini yake ni mbao tupu.

Sasa tuelewane. Sauti ya piano inatoka kwenye nyundo, uzi, na ubao wa sauti. Pembe iko upande wa pili kabisa, vinakokanyaga vidole. Ni vigae vya sakafuni. Hakuna anayesema nyumba ina mwangwi mzuri kwa sababu ya vigae vya mlangoni.

Na hapa ndipo ninaponuna, kwa sababu watu hudhani kidole kinasukuma kibonyezo, kibonyezo kinasukuma nyundo, nyundo inakandamiza uzi, basi. Ingekuwa hivyo, nyundo ingebaki imeukaba uzi na ungesikia "tu" iliyokufa. Alilolitatua Bartolomeo Cristofori, fundi vinanda wa ukoo wa Medici, watawala wa Florence kule Italia, karibu mwaka 1700, ni hili hasa: nyundo isukumwe, kisha iachwe. Kuna kijiti kinachoinua nyundo. Ikibaki milimita mbili tatu kuufikia uzi, kijiti kinachomoka na nyundo inamalizia safari peke yake, kama jiwe lililokwisha kutoka kwenye manati. Inapiga, inarudi, inadakwa isidunde tena. Kama una piano karibu, hasa ile ya mkia, kubwa inayolala, bonyeza kibonyezo polepole mno, kama unayemfunika mtoto aliyelala. Hutasikia sauti. Karibu na mwisho kidole kitahisi kijiti kikiteleza. Hapo ndipo kidole chako kilipopoteza mamlaka.

Maana yake, jambo kubwa unaloweza kuiamuru nyundo ni mwendo wake. Uende haraka, sauti kubwa; polepole, ndogo. Hapsikodi, kinanda kilichotangulia piano, haikuweza hilo: yenyewe inakwanyua uzi kwa ncha ya unyoya, na hata uigonge kwa hasira sauti haibadiliki kitu. Ndiyo maana chombo kipya kikaitwa kwa Kitaliano "piano e forte", yaani sauti ndogo na kubwa, jina ambalo baadaye watu wakalikata mkia.

Mengine nayapita mbio. Piano ya Cristofori ya 1720, iliyoko New York, ina vibonyezo 54. Ya leo ina 88. Nyundo za Cristofori zilivikwa ngozi. Felti aliileta Pape, fundi piano wa Paris, mwaka 1826. Fundi mwingine, Sébastien Érard, mwaka 1821 akabuni mtambo unaokuwezesha kurudia noti kabla kibonyezo hakijapanda chote (piano za kusimama hazina, msinilaumu mimi). Alpheus Babcock wa Boston mwaka 1825 akasubu fremu ya chuma kipande kimoja. Hiyo fremu ndiyo inayostahili hadithi za ukoo! Nyuzi za piano ya leo kwa pamoja zinavuta karibu tani 20. Ukiondoa pembe yote, piano inalia vilevile. Ondoa chuma, mbao zitajikunja kama kapu.

Na kama weupe wa pembe ndio utamu, Mozart tumweke wapi? Piano ya mtunzi huyo, iliyoundwa na fundi Anton Walter, ina rangi kinyume: vilivyo vyeupe kwetu, kwake ni vyeusi.

Pembe ilipendwa kwa sababu inachongeka vizuri, inang'aa, na inanyonya jasho. Sisi wa pwani tunajua bei yake. Wapagazi waliibeba mabegani kutoka bara, Ujiji na Tabora, hadi Bagamoyo, ikavuka Unguja, na nyingi ikaishia Connecticut, Marekani, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ikakatwa kuwa vibonyezo. Wenye viwanda waliichagua ya kwetu kwa kuwa ni laini kwenye msumeno. Kwa msumeno, jamani, si kwa sikio.

Haya, niungame. Februari Dar es Salaam, feni imekata, plastiki inateleza chini ya vidole vyangu na pembe haitelezi. Mpigaji asiyeogopa kuteleza hupiga kwa ujasiri, na ujasiri unasikika. Kwa mlango huo wa nyuma pembe inaingia kwenye sauti, nakubali kwa shingo upande. Vilevile wapiga piano wazuri wanaapa kwamba kuna mguso wa "kukanda" na mguso wa "kugonga" hata sauti zikilingana ukubwa. Fizikia ya nyundo iliyoachwa inawakatalia. Lakini kidole kikitua kwa kishindo, mbao nazo zinalia kidogo, na mimi mwenyewe nimewasikia watu wawili wakitoa sauti mbili tofauti kwenye piano moja niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nikasimama mlangoni nimeduwaa.

Ila usinibandulie vipande ukatafute mnunuzi. Pembe ni nyara za serikali, na atakayekugongea mlango hatakuwa fundi piano.

Yule mama nilimwandikia gharama: felti, pini, nyuzi za besi. Akaikunja karatasi bila kuisoma. "Na hii rangi ya manjano, fundi? Mimi naifunika kila siku isiharibike."

Nikamwambia aiache wazi, mwanga wa dirishani uingie, maana pembe ikikaa gizani ndipo inapogeuka manjano. Kule Connecticut waliianika juani chini ya vioo kwa wiki kadhaa ili iwe nyeupe. Akanitazama, akakishusha kifuniko taratibu, akatandika kitambaa juu yake.