Mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu ni nani, na maisha yake yakoje?

Mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu ni mtu anayeishi kwa mshahara wa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, akiwa na mkataba na klabu. Maana hiyo ni sahihi, ila inaacha nje jambo lenye uzito kuliko yote. Tukisikia "mchezaji wa kulipwa" tunamuwazia nyota mwenye mamilioni na watoto waliovaa jezi yenye jina lake. Nyota wa aina hiyo wapo, lakini ni wachache. Wengi wanaokula kwa mchezo huu wapo katikati: mkataba wameusaini na timu kubwa, mechi wanachezea timu ndogo, na simu iko karibu wakati wote wakingoja kuitwa. Huko kungoja ndiko kunakokula miaka yao mingi, na ndiko nitakakokaa zaidi hapa.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada iliyoanzishwa Montreal mwaka 1917 na ambayo sasa ina timu 32, uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta mfupi wenye vioo juu. Kila timu inaweka watu sita barafuni: golikipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanagombania paki, kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 156 hadi 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja.

Kinachomshangaza mgeni wa mchezo huu ni zamu. Mchezaji haingii uwanjani akakaa kama kwenye soka. Anaruka ukuta wa benchi, anakwenda kwa nguvu zake zote kwa sekunde 40 au 50, anarudi akihema, na mwenzake anaruka kuingia wakati mchezo unaendelea, refa hajapuliza filimbi yoyote. Anavuta pumzi dakika mbili hivi, kisha anaruka tena. Beki tegemeo anaweza kumaliza mechi akiwa amecheza dakika 25. Mshambuliaji wa mstari wa nne, yaani kundi la mwisho la washambuliaji watatu, anaweza kupata saba au nane tu, na ndani ya hizo saba anatakiwa kumwonyesha kocha kwa nini asirudishwe timu ndogo kesho yake.

Hata viatu vinataka uangalizi usiokoma. Chuma cha chini kina kingo mbili na mfereji mwembamba katikati yake. Fundi wa vifaa hukinoa mara kwa mara, na kila mchezaji ana kina cha mfereji anachokipenda: mwingine anataka chuma kishike barafu sana, mwingine anataka kiteleze. Kingo moja ikiharibika kwa kugonga nguzo ya goli au kukanyaga kiatu cha mwenzake, mguu huo hauna kazi tena. Utamwona mtu mzima wa kilo 95 anajikokota kurudi benchi kwa mguu mmoja.

Kuchaguliwa na kuajiriwa ni vitu viwili

Njia ya kawaida kwa kijana wa Kanada inapita kwenye ligi kubwa za vijana, ambazo ni tatu: ya Ontario, ya Magharibi na ya Quebec. Zinachukua vijana wa miaka 16 hadi 20. Kijana anaondoka kwao akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, anahamia mji mwingine, na timu inampangia familia ya kuishi nayo. Anakula mezani kwao, anasoma shule ya hapo, anapanda basi la timu kwa safari za saa nyingi. Wamarekani wengi hupitia vyuo vikuu, na vijana wa Sweden au Finland hukulia katika akademia za klabu za nyumbani kwao.

Kisha inakuja drafti. Kila mwaka timu za NHL hupokezana kuchagua vijana katika raundi saba, jumla nafasi 224. Hapa ndipo wengi wanapokosea kuelewa. Kijana akitajwa jina, akavaa kofia ya timu na kupiga picha na wazazi, bado hajapata kazi. Timu imepata haki ya kuzungumza naye mkataba peke yake kwa muda fulani, basi. Wapo wengi waliochaguliwa ambao hawakucheza hata mechi moja ya NHL.

Chukua mfano wa Bokondji Imama. Alizaliwa Montreal mwaka 1996, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo, ile ya Kinshasa. Mwaka 2015 Tampa Bay Lightning walimchagua raundi ya sita, nafasi ya 180. Hawakumchukua. Akaendelea na ligi ya vijana ya Quebec katika timu ya Saint John Sea Dogs, na msimu wa 2016–17 akafunga mabao 41, timu yake ikawa bingwa wa ligi hiyo. Kwa rekodi hiyo mtu angedhani mlango umefunguka. Haki zake zikahamia Los Angeles Kings, nao wakampeleka Ontario Reign, timu yao ndogo iliyoko mji wa Ontario, California. Huko alikaa miaka.

Mkataba wa njia mbili

Hiki ndicho kiini cha maisha ya wachezaji wengi. Chini ya NHL kuna ligi ya AHL, iliyoanza mwaka 1936, nayo ina timu 32, kila moja ikiwa na uhusiano na timu moja ya NHL. Chini yake tena kuna ECHL. Mkataba wa njia mbili unaandika mishahara miwili kwa mtu mmoja: huu ukiwa juu, huu ukiwa chini. Hesabu inapigwa kwa siku. Msimu wa 2025–26 kima cha chini cha NHL kilikuwa dola 775,000, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Kijana mwenye mkataba wake wa kwanza akiwa AHL, mshahara wake wa mwaka mzima haufiki dola 100,000. Kwa hiyo siku kumi juu zinaweza kumlipa kama nusu msimu chini. Ni mtu yuleyule, mwenye kasi ileile na gongo lilelile, kilichobadilika ni chumba gani cha kuvalia ametundika jezi yake.

Timu ya NHL inaruhusiwa wachezaji 23 kwenye kikosi chake, na wanaovaa jezi siku ya mechi ni 20: wachezaji 18 wa ndani na makipa wawili. Lakini kwa jumla timu inaweza kuwa na mikataba hadi 50. Fanya hesabu uone wanaobaki. Hao ndio wanaoamka wakiangalia taarifa za majeruhi wa timu ya juu. Mwenzake akivunjika kidole Jumanne, yeye anaweza kuwa kwenye ndege Jumatano asubuhi. Mwenzake akipona, anarudishwa. Hakuna anayemtakia mwenzake kuumia, na wakati huohuo kila mtu anajua nafasi hufunguka hivyo. Nadhani uzito huo wa moyoni ni mgumu kuliko mazoezi yenyewe.

Kushuka nako kuna utaratibu. Mchezaji mwenye uzoefu hawezi kurudishwa AHL kimyakimya. Timu inatakiwa kwanza kumweka wazi kwa saa 24, ili timu nyingine yoyote ya NHL imchukue na mkataba wake ulivyo. Kwa saa hizo mke, watoto na mwenye nyumba wote hawajui wiki ijayo watakuwa mji gani. Asipochukuliwa, anashuka. Vijana walio kwenye mikataba ya mwanzo wamesamehewa hatua hiyo, ndiyo maana wao hupandishwa na kushushwa mara nyingi zaidi: kuwahamisha hakuna hatari kwa timu.

Chini kwenyewe kazi haipungui. Msimu wa AHL una mechi 72, na kwa kuwa mashabiki hujaa mwisho wa wiki, timu inaweza kucheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, mara nyingine miji mitatu tofauti, usiku wakilala kwenye basi. Jumapili mchana miguu huwa mizito kama magogo, na huenda skauti wa timu kubwa, yule anayetafuta vipaji, yupo jukwaani siku hiyohiyo.

Imama aliingia barafu ya NHL kwa mara ya kwanza Aprili 2022, akiwa na Arizona Coyotes. Miaka saba ilikuwa imepita tangu achaguliwe. Baadaye Ottawa Senators na Pittsburgh Penguins nao walimwita kwa vipindi vifupi, katikati akirudi AHL. Ukiuliza kama huo ni ushindi au kushindwa, mimi nitakwambia ni ushindi mkubwa.

Ngumi, matusi na kichwa cha mtu

Njia ya Imama ilikuwa na mzigo mwingine. Januari 2020 mchezaji wa timu pinzani alimtolea maneno ya ubaguzi wa rangi, akafungiwa mechi tano. Januari 2022 mwingine alimfanyia ishara ya kibaguzi uwanjani, naye akafungiwa mechi 30. Tofauti ya adhabu hizo inaonyesha ligi iliamka, ila aliyetukanwa alitakiwa kuvaa na kucheza mechi inayofuata kama kawaida.

Imama alijulikana pia kama mpiganaji. Katika hoki ya Amerika Kaskazini, wachezaji wawili wakitupa glavu na kupigana ngumi, marefa huwaacha hadi mmoja aanguke au wachoke, kisha kila mmoja anakwenda kibanda cha adhabu kwa dakika tano. Zamani kila timu ilikuwa na mtu aliyeajiriwa hasa kwa kazi hiyo, kulinda nyota wake. Derek Boogaard alikuwa mmoja wao. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28, kwa mchanganyiko wa pombe na dawa za maumivu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake walikuta ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Wapiganaji wa aina hiyo wamepungua sana siku hizi. Binafsi natamani waishe kabisa. Kijana anayejua kuwa magoli yake hayatoshi kumpandisha juu asiachiwe ngumi kuwa ngazi.

Kuuzwa, kuumia, kuacha

Mchezaji asiye na kipengele cha kumlinda kwenye mkataba anaweza kubadilishwa na wa timu nyingine bila kuulizwa. Hili halimheshimu mtu. Wayne Gretzky alifunga ndoa Edmonton Julai 16, 1988, mji mzima ukishangilia. Agosti 9 akapelekwa Los Angeles. Kama yeye, aliyekuwa bora duniani, alihamishwa kabla mwezi mmoja haujaisha tangu harusi, basi wa mstari wa nne hana cha kutegemea.

Mwili nao una kikomo chake. Msimu wa kawaida wa NHL ulikuwa na mechi 82 hadi 2025–26, na bingwa anahitaji kushinda mechi 16 zaidi ili kubeba Kombe la Stanley. Magoti, mabega na nyonga huchakaa, na meno ya mbele wengi hawanayo. Wapo waliocheza na majeraha ambayo yangemzuia mtu mwingine yeyote. Willie O'Ree, mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL, aliichezea Boston Bruins kwa mara ya kwanza Januari 18, 1958, akiwa haoni kwa jicho la kulia. Alificha siri hiyo, kwa sababu ingejulikana asingeruhusiwa kucheza. Alicheza mechi 45 tu za NHL, lakini katika ligi za chini aliendelea kwa miaka mingi baadaye. Bruins waliistaafisha jezi yake namba 22 mwaka 2022.

Wanawake walisubiri zaidi. Ligi ya kulipwa ya PWHL ilianza Januari 2024 kwa timu sita. Kabla yake wachezaji wengi wa timu za taifa, wakiwemo wenye medali za Olimpiki, walilazimika kufanya kazi nyingine ili waendelee kucheza.

Na Ice Lions wa Nairobi je?

Msomaji wa Kenya atauliza, na ni haki yake. Ice Lions ni wachezaji wa hoki ya barafu, ila si wa kulipwa. Uwanja wao ni ule wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambao ni mdogo kuliko vipimo rasmi. Kwa muda mrefu hawakuwa na timu ya kupambana nayo, wakawa wanagawanyika na kucheza wao kwa wao. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto na kampuni ya Tim Hortons, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na nyota wa NHL Sidney Crosby pamoja na Nathan MacKinnon wakavaa jezi na kucheza upande wao.

Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Uanachama huo hauna kura, na hauleti ajira. Kinachomtenga mtoto wa Nairobi na mkataba wa njia mbili ni saa za barafu. Mwenzake wa Quebec anaanza kuteleza akiwa na miaka mitatu au minne, na hadi anafika umri wa drafti amekuwa barafuni karibu kila siku ya majira ya baridi.