Begi kubonyea si ubovu

Wiki hii huyu ni mteja wa tatu kuniletea begi la safari lililopasuka. Kaliweka begi mezani, lile la plastiki ngumu lenye picha ya binti mwenye hereni ya lulu aliyechorwa na Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, na kutoka kwenye jicho mpaka kidevuni umekatiza mstari mweupe kama uzi. Kona ya chini, jirani na tairi, pamemeguka kipande cha ukubwa wa sarafu. "Fundi, mimi nilichagua gumu kuliko yote dukani. Nililibonyeza mpaka dole gumba likaniuma, halikuingia hata kidogo. Sasa imekuwaje?"

Imekuwa hivyo kwa sababu ulichagua gumu kuliko yote, dada yangu.

Kama kuna dhana moja ningeomba izikwe leo, ni hii ya kwamba begi imara ni lile lisilobonyea. Watu wanaingia dukani wanagonga mabegi kwa vifundo vya vidole kama wanachagua tikiti maji. Likinepa kidogo tu, "aa, hili laini, feki," linarudishwa kwenye rafu. Lile kavu kama sahani ndilo linanunuliwa, na ndilo linakuja kwangu baada ya safari mbili.

Mabegi mengi ya aina hii ni ama ABS, ama polikaboneti, ama mchanganyiko. ABS ni plastiki ileile ya matofali ya Lego: ngumu, ya bei nafuu, inang'aa vizuri. Polikaboneti ndiyo wanayotengenezea ngao za askari wa kutuliza ghasia. Iligunduliwa mwaka 1953 Ujerumani na Marekani, kila upande kivyake, lakini ilichelewa kuingia kwenye masanduku. RIMOWA, kampuni ya mabegi ya Ujerumani, walitoa la kwanza mwaka 2000. Sifa yake ni kunepa. Ikipigwa inaingia ndani, halafu inarudi. ABS nayo inajitahidi, lakini ikivutwa kupita kiasi inageuka nyeupe palepale, kwa sababu ndani yake pamefunguka vijitundu na vijiufa vidogo visivyoonekana kwa macho. Huo ndio mstari wa shavuni kwa binti wa watu. Si mkwaruzo, hausuguliki, na rangi ya kucha haiutibu (mmoja alishajaribu).

Fikiria begi la kilo 23 linadondoka kutoka kwenye toroli ya mizigo. Pigo lazima liende mahali. Ganda likinepa, pigo linasambaa kwenye ganda zima. Lisiponepa, lote linaishia kwenye kona iliyogusa sakafu. Na kona ndiyo nyembamba kuliko sehemu zote, kwa sababu ganda hutengenezwa kwa bapa la plastiki linalopashwa moto na kuvutwa kwa hewa juu ya kalibu. Katikati linabaki karibu na unene wake wa mwanzo, konani linavutika kama unga wa chapati. Kwa hiyo wewe unayebonyeza katikati kwa dole gumba unapima mahali ambapo begi halivunjiki kirahisi.

Fanya hivi. Weka kiganja katikati, sukuma kwa uzito wa mwili, achia. Liingie, lirudi, lisiache alama nyeupe. Kisha funua bitana na ubonyeze kona kutoka ndani. Kona ikilia kwa mlio mkavu, liache hapohapo. Na ukisoma "ABS+PC" (PC ndiyo polikaboneti) usishangilie. Mara nyingi maana yake ni ABS nene iliyovalishwa ngozi nyembamba ya polikaboneti. Si baya kwa safari za basi, ila usilipie bei ya polikaboneti tupu.

"Picha ni stika, itabanduka," wengine huniambia. Kwenye begi la maana, si stika. Picha huchapwa kwenye utando, utando unaunganishwa na bapa kabla halijaingia kwenye kalibu, na juu yake inabaki safu inayopitisha mwanga. Linyanyue dirishani ulitazame kwa upande: rangi iwe chini ya mng'ao, si juu yake. Zile za bei ya chini huchapwa juu kabisa na kupakwa vanishi, na hizo mkanda wa mizigo unazimenya.

Lakini wanaoua picha zaidi ni wenye mabegi wenyewe. Sijui nani aliwafundisha watu kusafisha begi kwa tina au ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Polikaboneti na asetoni ni paka na panya. Ganda linafanya ukungu, kisha nyufa kama za tope lililokauka, na hapo hakuna fundi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini, basi. Na usilianike juani. Jua linafubaza rangi taratibu, na ukija kushtuka, yale maua ya maji ya mchoraji Monet yamekuwa ya kijivu.

Wengine wanalalamika kwamba mchoro maarufu uliochapwa kwenye begi lao "umekosewa". Haujakosewa, umekatwa. Usiku wa Nyota wa Van Gogh, wa 1889, umelala: sentimita 92 kwa 74 hivi. Begi limesimama. Mti mrefu uko kushoto, mwezi uko kulia juu, kwa hiyo mchapaji kachagua kimoja. Busu la Klimt ni mraba wa sentimita 180, hilo nalo lazima lipoteze mbavu. Huyu binti wa lulu ndiye anayekaa vizuri, maana mchoro wenyewe ni sentimita 44.5 kwa 39. Fremu ukiitoa, ungeingia kwenye begi la mkononi. Lile Wimbi la Hokusai, mchoraji wa Japani, ndilo linanichekesha: nakala za asili ni karatasi za sentimita 26 kwa 38 hivi, kwa hiyo wimbi la kwenye begi lako ni kubwa kuliko la Hokusai mwenyewe. Binafsi naona rangi za Tingatinga zingependeza kuliko zote. Zile zilianza na rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya ubao mgumu, kwenye plastiki zingejisikia nyumbani.

"Sikupewa ufunguo wa kufuli ya begi." Hili naambiwa kila wiki! Kufuli ya namba yenye tundu na alama nyekundu yenye umbo la almasi haina ufunguo wako. Tundu ni la wakaguzi wa uwanja wa ndege. Wewe una namba tu, na mpya kwa kawaida huanzia 000. Wala usidhani imekulinda sana: picha ya funguo hizo za wakaguzi ilitoka gazetini Marekani mwaka 2014, na mwaka uliofuata watu wakawa wanajitengenezea nakala. Zipu yenyewe hufunguka kwa ncha ya kalamu. Dhahabu ya bibi arusi ibebe mkononi.

Na begi la picha hupotea kama begi jingine lolote. Mashine ya uwanja wa ndege inasoma lebo yenye mistari, haina habari na Van Gogh. Bandua lebo za safari za zamani, weka karatasi yenye jina na simu yako ndani.

Kuhusu yule dada: nilimwekea kona kwa kipande cha polikaboneti nilichokata kwenye begi lililokufa, ribiti nne. Mstari nikamwambia utabaki. Nikamuuliza kama alitoa taarifa pale uwanjani kabla ya kutoka. Akasema hapana, si mashirika ya ndege huwa hayalipi? Hulipa, mkwaruzo tu ndio hawaujali. Mkataba wa Montreal wa 1999 wa safari za ndege za kimataifa, ambao Kenya na Tanzania zimo, unakupa siku 7 tangu upokee mzigo kulalamika kwa maandishi.

"Ulirudi lini?" nikamuuliza.

"Ina wiki tatu sasa."