Umeumia kwenye matatu? Anza na karatasi kabla ya wakili

Wiki jana mama mmoja wa Ahero alikuja kwa dawati letu la kusaidia walioumia safarini hapa Kisumu, mkono ukiwa umefungwa na leso shingoni, akamwaga mfuko wa nailoni juu ya meza. Risiti za dawa zilizoloa maji, kadi ya kliniki, eksirei imekunjwa mara nne. Akaniambia, "Mwanangu, hii tu ndio niko nayo." Abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, hakuna. Namba ya gari hakumbuki. Tiketi hakupewa, na kwani nani hupewa tiketi ya kwenda Ahero? Nikamuuliza nauli alilipa aje, akasema kwa simu. Basi tukarudi nyuma kwa meseji za M-Pesa moja moja mpaka tukaipata, siku, saa na jina la aliyepokea pesa vyote viko hapo, na ndio tukapata pa kuanzia.

Wengi hudhani fidia inategemea tu vile umeumia. Maumivu yatahesabiwa lakini hiyo ni baadaye, kwanza lazima ionekane ulikuwa ndani ya gari hilo siku hiyo na dereva ndiye alikosea, na hayo yote ushahidi wake hupotea haraka sana, gari linavutwa, makanga anabadilisha laini, meseji inafutwa juu simu imejaa.

Kwa hivyo wewe, ama yule ndugu yako aliyekimbilia hospitali, piga picha ya namba ya gari na ya cheti cha bima pale kwa kioo cha mbele. Jina la sacco lililochorwa ubavuni si lazima liwe ndio mwenye gari. Mwenye gari anatafutwa kwa rekodi za NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa kutumia namba ya gari, na yeye pamoja na dereva ndio hushtakiwa, halafu kampuni ya bima ndio inalipa. Ripoti polisi, upewe namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, kisha ufuatilie abstrakti yenye kampuni ya bima na namba ya bima. P3 ni kitu ingine, hiyo inajazwa na daktari kuonyesha umeumia wapi na kiasi gani, na fomu yenyewe ni ya bure hata mtu akikuambia kuna kakitu ka chai.

Sasa kuna hawa mabroka. Utakuwa bado na dripu mkononi, kijana nadhifu anakuja na faili kukuuliza habari ya mguu kuliko hata shemeji yako. Anataka usaini. Wakati mwingine ni karatasi ya kumpa wakili kesi, wakati mwingine ni ile vocha ya kukubali malipo, na hiyo ya pili ukishasaini umesema umeridhika, mguu ukija kuoza mwezi ujao ni shida yako. Chukua nakala, enda nayo nyumbani, mtu mwingine asome.

Sheria ya bima ya magari, ile ya Cap 405, inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya watu wengine (third party), na kampuni ya bima inabeba mpaka shilingi milioni 3 kwa kila mtu anayedai. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, iliyobaki unamfuata mwenye gari. Na si abiria peke yake wako ndani ya hiyo bima. Pale Londiani Juni 2023 lori lilipoacha barabara watu zaidi ya 50 walikufa, wengi wao walikuwa wamesimama tu kando, wauzaji na watu wa boda, na watu kama hao pia wana haki ya kudai. Una miaka 3 ya kwenda kortini. Lakini kama hukufunga mkanda na gari lilikuwa nao, ama ulikuwa umening'inia mlangoni, tarajia jaji akukate asilimia fulani, na mimi sioni kama ni uonevu.

Probox, yale magari madogo ya kibinafsi yanayobeba watu kwa nauli, ndio hunitia baridi. Gari lina bima ya kibinafsi, limebeba watu 9 kutoka Luanda kwenda Maseno, kila mtu amelipa. Ajali ikitokea kampuni ya bima itasema haikukubali kubeba abiria wa nauli, na hapo mnaanza kuvutana miaka.

Ndege ni hadithi nyingine kabisa. Safari ya kimataifa inaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na hata kipande cha Kisumu hadi Nairobi kinahesabika humo kama tiketi yako ni moja mpaka Dubai. Ukiumia ndani ya ndege, ama ukipanda au kushuka, huhitaji kuonyesha kuwa rubani alikosea, shirika linawajibika mpaka SDR 151,880 (SDR ni kipimo cha pesa cha IMF), kiwango cha tangu Desemba 2024, ambacho ni kama dola 200,000 hivi. Sanduku likivunjwa andika malalamiko ndani ya siku 7. Weka bodingi pasi.

Muda ndio huwaponza watu. Mzee mmoja aliteleza kwenye ngazi ya ndege, kiuno kikavunjika, akaja kwetu na kila karatasi imepangwa vizuri kwa faili, hata picha ya ngazi yenyewe ikionyesha maji. Alikuwa ameskia ni miaka 3 kama ya matatu. Ya ndege ni 2, na yeye alikuwa na miezi 26 tangu aanguke.