Eti mtafiti wa moyo anaandika kuhusu nzi?

Kuna watu hapa Nairobi wakiona orodha ya pepa za utafiti za mtafiti wa moyo imejaa nzi na panya wanasema ah huyo ni wa wadudu tu, moyo wa mtu ataujulia wapi. Zii jamani. Kuna jeni inaitwa tinman, 1993 ilionyeshwa kwamba nzi wa matunda akiikosa hapati moyo kabisa, na sisi binadamu tuko na ndugu yake, NKX2-5, alafu 1998 ikajulikana hiyo ikiwa na kasoro mtoto anaweza zaliwa na tundu kwa moyo. Nzi hao hao mnaodharau! Na pia wakiona jina la mtafiti ni la mwisho kwa waandishi wa pepa wanamdharau, lakini si ati alisaidia kidogo, mara nyingi huyo ndio mkubwa wa maabara.