Mrudisha mpira katika futiboli ya Kimarekani: kazi aliyoifanya Devin Hester

Mrudisha mpira ni mchezaji anayesimama peke yake nyuma kabisa ya timu yake, akingojea mpira ambao wapinzani wameupiga mbali kwa mguu. Akiudaka, kazi yake ni kukimbia nao kuelekea upande wa wapinzani mpaka aangushwe, au mpaka afike mwisho wa uwanja.

Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani kama mita 91, na kila upande una ukanda wa yadi 10 za ziada. Kuingia na mpira kwenye ukanda wa wapinzani ni tachidauni, pointi 6. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikiona la nne halitafaulu, humwita mpigaji wake aupige mpira juu na mbali, ili wapinzani waanze safari yao kutoka mbali. Upo pia mkwaju wa kuanzia kila nusu ya mchezo, na mwingine baada ya kila bao. Kwenye mikwaju hiyo yote, mtu wa kuupokea mpira ni mrudishaji.

Ugumu wake hauonekani haraka kwenye televisheni. Mpira uliopigwa juu hukaa hewani sekunde nne hivi, na muda wote huo macho ya mrudishaji yako juu huku watu wazito wakimjia mbio. Anaruhusiwa kupunga mkono akiomba kudaka kwa amani: hataguswa, lakini hataruhusiwa kukimbia. Asipopunga, anapokea mpira na watu kwa pamoja. Ukimponyoka mkononi, wapinzani wanaweza kuulalia ukawa wao. Wenzake kumi humzuilia njia, ila njia yenyewe hufunguka kwa kitambo kidogo mno, na ni yeye anayepaswa kuiona.

Hakuna aliyeiona vizuri kuliko Devin Hester. Timu ya Chicago Bears ilimchukua mwaka 2006 kutoka Chuo Kikuu cha Miami, chaguo la 57 katika zamu za timu kuchagua wachezaji wapya wa vyuo, ikamwandikisha kama beki wa pembeni. Katika mchezo wake wa kwanza, nyumbani kwa Green Bay Packers, alirudisha mpira yadi 84 hadi tachidauni. Mwezi uliofuata Bears walikuwa nyuma 20 kwa 0 dhidi ya Arizona Cardinals, na washambuliaji wao hawakupata tachidauni hata moja usiku huo. Walinzi walifunga mbili, kisha Hester akakimbia yadi 83 zikiwa zimebaki dakika chache, Bears wakashinda 24 kwa 23. Novemba, dhidi ya New York Giants, alidaka mpira ambao Giants walijaribu kuupiga kati ya milingoti ili wapate pointi, ukapungua nguvu, akatembea hatua mbili tatu kama mtu aliyekwisha kuacha kazi, halafu akachomoka yadi 108.

Februari 2007 akaanzisha Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Mkwaju wa kwanza kabisa ulimfikia yeye, na sekunde 14 baadaye alikuwa amekwisha kufunga, yadi 92. Hakuna mwingine aliyekuwa amewahi kuurudisha mkwaju wa kuanzia Super Bowl hadi tachidauni. Indianapolis Colts walishinda mchezo 29 kwa 17, lakini baada ya pale waliacha kumpigia mipira mirefu. Wakawa wanaipiga mifupi, ikidundadunda chini, wakakubali Bears waanzie karibu zaidi kuliko kumpa Hester nafasi ya pili.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo thamani ya mrudishaji bora, na takwimu za yadi haziionyeshi vizuri. Timu pinzani inatoa uwanja bure kwa kumwogopa mtu mmoja. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja Septemba 2011. Packers walipiga mpira, Hester akatazama juu, akajiweka tayari kudaka, na wote wakamkimbilia. Mpira ulikuwa umeangukia upande wa pili wa uwanja, mikononi mwa mwenzake Johnny Knox, aliyekimbia yadi 89 karibu bila mtu wa kumzuia. Waamuzi walilifuta bao hilo kwa kosa la mchezaji mmoja wa Bears, nami bado nalihesabu kuwa moja ya mbinu nzuri kuliko zote nilizoona kwenye mchezo huu.

Bears walitaka kasi yake kwenye mashambulizi pia, wakamgeuza mpokea pasi. Alifanya kazi hiyo kwa heshima: msimu wa 2009 alidaka pasi 57 kwa yadi 757, na kwa maisha yake yote pasi 255. Lakini misimu ya 2008 na 2009 hakurudisha hata tachidauni moja, na siamini ilikuwa bahati mbaya tu. Mtu anayegongwa kwenye kila pasi hana miguu ileile inapofika zamu ya kurudisha. Alipopunguziwa mzigo, tachidauni zilirudi, tatu mwaka 2010 na tatu nyingine 2011.

Septemba 2014, akiwa Atlanta Falcons, alirudisha mpira yadi 62 dhidi ya Tampa Bay na kufikisha tachidauni 20 za kurudisha katika msimu wa kawaida: 14 za mipira ya jaribio la nne, 5 za mikwaju ya kuanzia, na ile moja ya Giants. Kwa hizo alimpita Deion Sanders, nyota wa zamani wa NFL aliyemwiga tangu ujana. Alitangaza kustaafu mwaka 2017.

Mwaka 2024 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya Kimarekani huko Canton, Ohio, akiwa wa kwanza kufika pale hasa kwa kazi ya kurudisha mpira. Kazi yenyewe ilikuwa imekaribia kufa. Tangu 2011 mkwaju wa kuanzia ulisogezwa mbele yadi tano ili kupunguza majeraha, na mipira mingi ikawa inaishia kwenye ukanda wa nyuma bila mtu kukimbia. Mwaka huohuo wa 2024 NFL ilibadilisha tena kanuni: wenzake wa mpigaji sasa husimama karibu na wapokeaji, wasiondoke mpaka mpira udakwe au uguse chini, na warudishaji wameanza kukimbia tena.