Rangi ya chambo siyo inayompandisha nguru

"Nyekundu ndiyo inayoita samaki." Hili husemwa sana kwenye madiko ya Unguja na Pemba, na huwamalizia vijana pesa dukani bure kwa vyambo vya bandia. Maji ya bahari huumeza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyengine. Chambo chekundu kikishuka pima sita au saba (kama mita kumi na mbili), wekundu wake umeshapotea na samaki anaona kitu cheusi tu. Buluu na kijani ndizo zinazofika mbali. Anayerambaza juu juu, yaani anayeburuta chambo nyuma ya chombo, naye asidanganyike: nguru na jodari mara nyingi hupanda kutoka chini huku wakitazama kwenye mwanga, kwa hiyo wanachokiona mwanzo ni kivuli cha chambo, umbo lake na mwendo wake. Ndiyo maana chambo cheusi au cha zambarau iliyokoza hufaa alfajiri na magharibi, saa ambazo wengi hukiacha sandukuni.

Tena samaki ana mstari wa hisia ubavuni, anahisi maji yakitikisika hata pale asipoona vizuri. Chambo kinachozunguka ovyo na kuusokota mshipi hakiokolewi na rangi yoyote. Kabla ya kukiachia, kiburute kando ya chombo ukitazame. Kikilala ubavu au kikirukaruka nje ya maji, punguza mwendo, kisha angalia fundo. Kwangu mimi, dakika hiyo moja ina faida kuliko chambo kipya.

"Chambo kikubwa, samaki mkubwa." Ni kweli nusu. Jodari wakishawaingilia dagaa, chambo cha shubiri mbili kitapita katikati yao bila kuguswa. Mpasue tumbo samaki wa kwanza uone alichokula, halafu chagua chambo cha kimo hicho.

"Waya humtisha samaki." Kwa changu kwenye maji maangavu, ndiyo, uzi mwembamba ni bora. Kwa nguru, usithubutu kuacha waya: meno yake hukata nailoni mara moja, ukapoteza samaki, ndoana na chambo. Kipande kifupi cha waya mwembamba kinatosha.

"Bamvua ndiyo siku za mshipi." Hapa ndipo panapohitaji subira zaidi. Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mkondo baina ya visiwa vidogo huwa mkali. Chubwi, uzito unaozamisha mshipi, inanyanyuliwa, mshipi unalala, chambo kinaelea mbali na mwamba aliko chewa. Ongeza uzito wa chubwi, au vua maji yanapokaribia kusimama, au ngoja maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. Mahali nako kuna hesabu yake: baina ya Unguja na Bara bahari ni ya makumi ya mita tu, lakini mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kipimo cha mshipi cha mvuvi wa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, hakichukuliwi kizima kizima kikapelekwa magharibi ya Pemba.

"Mbalamwezi haina samaki." Hiyo ni hesabu ya wenye karabai, wanaovua dagaa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka, taa yao haionekani na dagaa hawakusanyiki. Anayetafuta changu mwambani kwa mshipi hategemei taa; yeye atazame kwanza maji yanajaa au yanatoka, na kwa kasi gani.