Skii ngumu si lazima iwe na kasi zaidi

Wanaoanza mbio za masafa kwa skii (vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji) kwa mtindo wa kuskeiti, yaani kujisukuma kwa pembeni kama anayeteleza barafuni, uliovuma miaka ya 1980 kupitia Mmarekani Bill Koch, huambiwa mambo mawili: nunua skii ngumu kuliko zote, na zilizozeeka tupa. Yote mawili yanapotosha.

Ugumu huchaguliwa kwa uzito wako na aina ya theluji. Skii ina upinde katikati; ukisimama juu yake, upinde unatakiwa ushuke kiasi cha kusambaza uzito mbele na nyuma. Ikiwa ngumu kupita kiasi, uzito hulundikana sehemu chache, na kwenye theluji laini inachimba kama jembe. Skii hiyo hiyo, theluji ikiwa imeganda asubuhi, hukimbia vizuri sana.

Na umri? Miaka peke yake haisemi kitu. Zibane skii mbili tumbo kwa tumbo, yaani pande za chini zikitazamana, utazame nafasi iliyobaki katikati. Kama imepungua sana kuliko zamani, upinde umechoka, na hapo hakuna dawa. Lakini tumbo lililokauka na kupauka kandokando linahitaji tu kusagwa kwa mashine ya jiwe na kupakwa nta upya. Wengi hutupa skii ambazo bado ni nzima kwa sababu ya mpauko huo, na inauma kuona.